Miaka Mitano ya Kusoma Tairi za Watu

Nimestaafu nikiwa na miaka kumi na tisa. Mercy na Brayo, binamu zangu, chekeni mmalize, halafu msome. Si mimi niliyesema. Ni Senje Rosa mwenyewe, Jumapili iliyopita baada ya kanisa, akiwa ameshika birika: "Nekesa amestaafu. Anaenda chuo Kitale. Kuanzia kesho kazi yake ni yenu wawili." Mkapiga makofi, mimi nikaangalia vidole vya miguu yangu. Kulikuwa na mambo nilitaka kuwaambia pale pale, lakini mnanijua. Watu wakizidi watatu mdomo wangu unajifunga wenyewe. Kwa hivyo nimechukua daftari la kemia ambalo sikulimaliza shuleni, na ninaandika.

Kwanza muelewe kazi yenyewe. Watu wa Bungoma wanadhani nilikuwa nauza spea za baiskeli. Kuuza aliuza Senje, dada ya baba zetu, katika duka lake la pale kando ya lami. Kazi yangu ilikuwa kujua. Kujua ni nini kimevunjika wiki hii, duka la ng'ambo ya lami limeleta nini, kiwanda cha sukari kimelipa wakulima wa miwa ama bado wanaambiwa kesho. Mshahara sitauzungumzia. Ulikuwa chapati mbili kwa siku na karo ya shule. Kupandishwa cheo sikupandishwa, maana cheo kilikuwa kimoja tu na Senje alikuwa amekikalia.

Nilianza likizo ya Aprili nikiwa kidato cha kwanza. Nilivaa rinda langu la kanisa nikifikiri nitasimama kaunta. Senje akanipa ufagio.

"Enda kwa Fundi Barasa umfagilie."

Fundi Barasa alikuwa anatengeneza baiskeli chini ya mabati mawili karibu na soko. "Kwani Fundi ana kazi ya kufagia?" nikauliza.

"Hana. Ndiyo maana nakutuma."

Nilifagia. Fundi alinitazama kama mtu aliyeona kuku anafua nguo, lakini hakunifukuza. Niliporudi, Senje akauliza, "Umefagia nini?"

"Takataka."

"Takataka gani?"

Nilikuwa nimetupa kila kitu shimoni. Akanirudisha, na sikuambiwa niingie shimoni, lakini niliingia. Na rinda la kanisa. Nilirudi na karatasi iliyosema raba za breki nyingi kuliko vitu vingine vyote, minyororo miwili, pedeli moja, tyubu zilizochanika. Senje akasoma, akafunga duka saa sita mchana, akapanda gari kwenda Kitale kununua raba za breki. Mvua ndefu ilikuwa imeanza wiki hiyo. Tope likiingia kwa rimu linakula raba kama panya. Wenye maduka wengine waligundua wakati wateja walipoanza kuuliza, na kufikia hapo Senje alikuwa anauzia mpaka wao.

Takataka za Fundi, kile kilima cha vyuma na raba nyuma yake, ndizo kifaa cha kwanza cha kazi hii. Mtu anaweza kukudanganya kuhusu anachotaka kununua. Kilichovunjika hakidanganyi. Kifagieni polepole.

Kifaa cha pili ni ukuta wa kanisa. Mmewahi kujiuliza kwa nini Senje hutoka ibadani kabla ya matangazo? Mama wa kwaya mmoja aliniambia, "Senje yako anapenda kuomba akiwa peke yake, mpaka anatembea nje akitafakari." Hatafakari. Anapita kando ya baiskeli zilizoegemezwa ukutani akisoma tairi. Akiona nyingi zimekuwa laini kama kipara, anajua mwezi ujao watu watataka tairi mpya. Akiona watu wamefunga tairi kwa vipande vya tairi nyingine na waya, anajua miwa haijalipwa na hakuna haja ya kuagiza mpya; alete viraka na gundi. Mara moja mchungaji alimkuta ameinama anagusa tairi ya mzee wa kanisa.

"Rosa, umepoteza kitu?"

"La, mchungaji. Nimepata."

Mimi sikuweza hata siku moja kusema maneno kama hayo. Nilikuwa natembea nyuma yake, nimeshika Biblia mbili.

Kuhusu duka la ng'ambo, la Baba Joy: msiende kuuliza bei. Kila mtu anauliza bei, na Baba Joy anataja bei ya uongo kwa mtu yeyote anayefanana na ukoo wetu, na pua zetu zinajulikana. Angalieni vumbi. Boksi lenye vumbi juu haliuziki. Boksi lenye alama za vidole linauzika. Boksi lililoondoka limeisha, na hapo ndipo mnakimbia kumwambia Senje.

Sasa niwaambie kosa langu la kwanza kubwa, kabla hamjalisikia kwa Fundi akiwa ameongeza chumvi.

Agosti ya mwaka wa 2006 tuliuza kengele za baiskeli mpaka tukauza ile ya mfano iliyokuwa ukutani. Nikaandika kwa daftari kwa wino mwekundu: Agosti, kengele. Mwaka uliofuata, Senje alienda matanga nyumbani Kamukuywa, akaniacha niagize mali ya Agosti kutoka Kitale. Nikafungua daftari. Nikaagiza boksi zima la kengele. Nilijisikia kama meneja.

Senje aliporudi alifungua lile boksi, akachungulia ndani.

"Nekesa. Mwaka huu nani anatahiriwa?"

Jamani. Mimi Mbukusu, kaka zangu wawili walitoka kwa hiyo sherehe, na nilisahau kwamba vijana wetu hutahiriwa Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili peke yake. Mwaka huo ndio wanazunguka vijiji kualika wajomba na mashangazi, watu wanakodisha baiskeli usiku na mchana, na kila mwenye baiskeli anataka isikike. Mwaka wa 2007 haukuwa na mtu wa kualika mtu. Zile kengele zilikaa kwa rafu miezi kumi na miwili, na kila lori likipita lami zilikuwa zinalia zenyewe kidogo. Senje hakunigombeza. Alikuwa ananiangalia tu kila zikilia. Ningependa angenigombeza.

Kitale nilianza kutumwa nikiwa kidato cha tatu, kwa Mama Njeri, muuzaji wa jumla ambaye wazazi wake walitoka Nyeri wakahamia Trans-Nzoia zamani. Senje husema Kitale huona kitu mapema, na Bungoma tunakiona kikiwa kimeshachoka. Kwa hivyo kwa Mama Njeri nilikuwa nakaa juu ya gunia nikiangalia ni nini kinapakiwa kwenda wapi. Mama Njeri alinizoea. "Kasichana ka kunyamaza kamefika," alikuwa anaambia wapakiaji. "Chungeni midomo, haka kanaandika." Mapema mwaka wa 2008, kwa zile ghasia za uchaguzi, barabara ilinyamaza na mali haikuja kwa muda. Sitaandika mengi, nyinyi pia mlikuwepo. Nitasema tu kwamba Senje alienda simu ya jamii kila siku kupigia Mama Njeri, na hakuna siku aliuliza habari ya tairi.

Nilipomaliza kidato cha nne, nikawa wa kila siku. Na ndipo ikaja ile kesi ngumu.

Mlikuwa mnaziona wenyewe. Kwanza pikipiki moja pale steji, kila mtu akiizunguka. Halafu redio ikasema serikali imeondoa kodi kwa pikipiki ndogo, Senje akaacha kukata sukuma wiki akasikiliza mpaka mwisho. Halafu zikawa kila mahali, vijana wale wale waliokuwa wakibeba watu kwa baiskeli, sasa na koti na miwani, hawatujui tena. Viti vya abiria, vile vya sponji na pindo za rangi tulivyokuwa tunauza kama mandazi, vikaanza kushika vumbi. Vumbi letu wenyewe. Baba Joy lazima aliliona.

Mwenye nyumba, Mzee Wanyonyi, akaja mwisho wa mwezi, akakaa kwa stuli.

"Rosa, kuna kijana wa simu anataka chumba hiki. Kevo. Anachaji simu, anauza laini, anatengeneza. Mimi sikufukuzi. Lakini nipe neno kufikia Ijumaa. Unabaki ama unatoka?"

Mjue kilichokuwa kwa hilo neno. Brayo alikuwa ameingia kidato cha kwanza muhula huo, Mercy alikuwa anafuata. Duka ndilo lilikuwa linasomesha ukoo mzima. Senje akitoka, ni kurudi Kamukuywa kulima maharagwe kwa kile kipande cha babu, na maharagwe ya kipande kile yanatosha kula, hayatoshi sare ya shule. Lakini akibaki na mali haitoki, kodi ingekula hata kilichobaki.

"Enda junction," akaniambia. "Siku tatu. Hesabu."

Nilihesabu. Nilisimama pale njia panda, kwa veranda ya duka la dawa, kwa sababu mtu akikuona nje ya duka la dawa anafikiri unangoja dawa na hakuulizi kitu. Kutoka saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja. Ukurasa wa kushoto pikipiki, wa kulia baiskeli. Wa kushoto ulijaa nikaongeza karatasi. Wa kulia haukufika nusu. Siku tatu sikuongea na mtu hata mmoja, na niliona fahari kwa hilo.

Senje aliangalia kurasa zile mbili. Hakuuliza swali. Miaka yote mitano alikuwa ananiuliza, takataka gani, nani alisema, ulimwona na macho? Siku hiyo hakuuliza. Nadhani alikuwa amechoka, na aliniamini. Ijumaa akamwambia Mzee Wanyonyi, "Mpe kijana. Natoka."

Jumatatu akanituma kwa Fundi Barasa kumwambia tunafunga. Nilimkuta amekunja mgongo juu ya gurudumu.

"Fundi, Senje anasema anafunga. Baiskeli zimeisha."

Akainua kichwa. "Zimeisha wapi?"

"Hapa. Bungoma."

"We msichana, nimekula nini asubuhi kama zimeisha? Si ungefagia kwanza kabla ya kuleta matanga?"

Ufagio ulikuwa pale pale. Nikafagia, labda kwa aibu. Na kile kilima hakikuwa kimepungua. Hapakuwa na hata sponji moja ya kiti, hapakuwa na pindo wala kengele. Zilikuwa spoki, spoki, spoki, karibu zote za gurudumu la nyuma. Keria zilizopasuka zikachomelewa zikapasuka tena. Rimu za nyuma zilizolala kama sahani. Nikasimama na ufagio.

"Hizi ni za nani?"

"Za watu wa mizigo, za nani tena? Abiria wamepanda pikipiki, sawa, waende salama. Gunia la makaa litapanda pikipiki na pesa ya nani? Kwani wewe ulihesabu wapi?"

"Junction."

Fundi Barasa alicheka mpaka akaweka spana chini. "Junction! Mtu ana magunia mawili ya mkaa apite lami na malori yamfagie? Wanapita njia ya reli, mama. Saa kumi na mbili, saa moja asubuhi. Ukija kusimama huko kwako saa mbili, mtu ashashusha mzigo, anakunywa chai."

Kesho yake saa kumi na mbili na nusu nilikuwa kando ya reli. Sitasahau. Mikebe ya maziwa, minne kwa baiskeli moja. Makaa. Mbao ndefu zinazotikisika mbele na nyuma. Kreti za mkate. Kuku wamening'inia vichwa chini wakiangalia dunia kwa hasira. Mmoja alikuwa amebeba sofa, kabisa, ya watu wawili, na mtu mwingine anashika nyuma. Wengi hawakuwa hata wamepanda, walikuwa wanasukuma.

Na sasa niwaambie ukweli ambao Senje mwenyewe atausoma hapa kwa mara ya kwanza: sikumwambia siku hiyo. Wala kesho yake. Siku mbili nilimwona akipanga mali kwa makatoni, akifuta rafu, na nikanyamaza, kwa sababu kufungua mdomo ni kusema kwamba kurasa zangu ndizo zilizomtoa dukani. Alikuwa ametoa neno kwa Mzee Wanyonyi, na Senje si mtu wa kurudisha neno. Niliona afadhali lawama iwe yake na ya nyakati kubadilika kuliko iwe yangu. Nilikuwa tayari nyinyi wawili mkae nyumbani bila shule, mradi mimi nisiaibike. Nimeandika hivyo vile ilivyo.

Siku ya tatu alikuwa anachagua mawe kwa maharagwe. Nikasema yote kwa pumzi moja, nikiangalia ungo.

Akaendelea kuchagua. Halafu akauliza, "Uliwauliza?"

"Niliwaona, Senje."

"Kuona ulikuwa umeona hata junction."

Asubuhi iliyofuata tukaenda wawili kando ya reli. Senje hakuhesabu mtu. Alisimama katikati ya njia, mtu wa makaa akalazimika kusimama.

"Baba, habari ya asubuhi. Spoki ikikukatikia, unanunua wapi?"

"Eh, mama, si huko madukani kwa lami."

"Unaenda na huu mzigo?"

"Niende nao wapi? Na nikiuacha hapa nitaupata? Nafunga na waya mpaka nifike kwa fundi. Fundi akikosa, nalala na hiyo shida."

Akauliza sita hivi, wote jibu moja. Watu walikuwa wanapita nyuma ya maduka yetu kila asubuhi na spea zilizovunjika, na sisi tulikuwa tumewapa mgongo, tumeangalia lami.

Tulimkuta Mzee Wanyonyi anapiga mswaki nje.

"Rosa, usiniambie unarudisha neno. Kijana ashaleta mpaka kioo chake."

"Neno langu liko pale pale. Kevo akae mbele. Mimi nataka ile stoo ya nyuma."

"Ile ya kuku?"

"Kuku watahama."

"Ile haina mlango wa nje! Na huko nyuma kunapita watu wa makaa na punda."

"Hao hao. Mlango nitatoboa mwenyewe, ukiniruhusu."

Mzee akatema dawa ya meno, akacheka, akasema tangu azaliwe hajaona mtu anaomba kuhamia uani. Lakini kodi ya stoo ilikuwa nusu ya ile ya mbele, na hakuwa na mtu mwingine wa kuitaka. Wakakubaliana akiwa bado na povu mdomoni.

Haikuwa rahisi, msidhani. Kevo alipaka rangi juu ya jina la Senje ukutani siku tukiwa tunabeba makatoni, kijani kibichi cha kuumiza macho, na nilimwona Senje akiangalia mpaka herufi ya mwisho ikapotea. Viti vya abiria tulimpelekea Mama Njeri kwa hasara, tukarudi na spoki nene na keria za chuma kizito. Harufu ya kuku mnaijua, bado ipo.

Siku ya kutoboa ukuta ndiyo ilikuwa siku yangu ya mwisho kuwa mwoga kabisa. Uoga uliobaki ni wa kiasi. Fundi wa mawe alikuja mapema na nyundo na patasi. Tofali la kwanza likatoka, la pili, la tano, mwanga ukaingia na vumbi lake. Shimo lilikuwa bado dogo, la kupita kichwa na bega moja, na kweli kichwa kikapita. Mwanaume, kofia ya sufi, jasho, anapumua kama aliyekimbia. Nyuma yake niliona baiskeli imelala na mikebe ya maziwa.

"Mama, nimesikia mko na spoki?"

"Tuko nazo," Senje akasema, amejaa vumbi mpaka kope. "Lakini ngoja kwanza tumalize mlango."

"Maziwa haiwezi ngoja mlango, mama."

Fundi wa mawe akashusha nyundo. Senje akafungua katoni kwa meno, akahesabu spoki nne, akazipitisha shimoni. Huyo baba alikuwa anageuka kwenda. Senje akanigusa mgongoni na kiwiko.

"Nekesa, acha kusimama hapo kama mti. Muulize anatoka wapi, na wako wangapi."

Nikaingiza kichwa changu kwenye lile shimo, nikamwuliza.